Kupima Mkono wa Mtoto Mwenye Duchenne kwa Picha za Misuli: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Wahudumu wa Nairobi

Mtoto mwenye distrofi ya misuli ya Duchenne, ugonjwa unaodhoofisha misuli polepole, anapoacha kutembea, faili lake hospitalini mara nyingi hupoteza kipimo. Miaka yote iliyotangulia alihesabiwa sekunde za kuinuka sakafuni na mita alizotembea kwa dakika sita. Akishaketi kwenye kiti cha magurudumu huandikwa neno moja, "hatembei", na kurasa zinazofuata hujaa moyo, mapafu na uti wa mgongo. Hayo yote ni ya lazima. Lakini kijana huyo bado ana mikono, na sehemu kubwa ya uhuru uliobaki imo mle: kujilisha, kushika kalamu, kubonyeza simu, kuendesha kiti cha umeme, kumfukuza nzi aliyetua puani.

Mwongozo huu ni wa mzazi anayetaka kujua nini kinaweza kupimwa, na wa mhudumu wa tiba ya viungo, afisa wa kliniki au mpiga picha wa hospitali anayetaka kukipima vizuri. Msimamo wangu nautoa mapema: picha ya msuli haisemi lolote la maana mpaka iwekwe kando ya kazi ambayo mkono huo unafanya. Na ni vyema ianze kupigwa mtoto akiwa bado anatembea, ili baadaye kuwe na kitu cha kulinganisha.

Kinachotokea ndani ya msuli

Duchenne hutokana na hitilafu katika jeni ya protini iitwayo distrofini, iliyo kwenye kromosomu ya X. Ndiyo maana karibu wote wanaougua ni wavulana. Hukadiriwa mmoja kati ya wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Distrofini huimarisha utando wa nyuzi za msuli usichanike kila msuli unapojikaza. Ikikosekana, nyuzi huchanika, huvimba, hujaribu kujirekebisha, na mwishowe nafasi yake huchukuliwa na mafuta na tishu ya kovu.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kutafutwa: maji ya uvimbe, mafuta na kovu. Hakuna mashine moja ya kawaida inayoyapima yote matatu sawasawa, na kusahau jambo hili ndiko kunakozaa ripoti za kupotosha.

Ugonjwa huanzia karibu na kiwiliwili na kuelekea nje. Misuli ya bega hudhoofika kwanza, kisha ya mkono wa juu, yaani baisepsi ya mbele, traisepsi ya nyuma, na brakialisi iliyo chini ya baisepsi. Kigasha, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, hufuata, na vidole hubaki na nguvu muda mrefu zaidi. Kijana asiyeweza kuinua mkono hadi begani anaweza kuandika insha nzima, mradi daftari liwe mahali panapofaa.

Niongeze jambo kwa anayetafuta utambuzi wa ugonjwa wenyewe: picha si njia ya kuthibitisha Duchenne. Kinachothibitisha ni kipimo cha jeni, baada ya damu kuonyesha kimeng'enya cha kreatini kinase kimepanda mno. Katika distrofi nyingine picha husaidia zaidi kuelekeza utambuzi, kwa sababu kila aina ina misuli inayoipenda. Ile ya uso, kombe la bega na mkono wa juu, kwa mfano, mara nyingi huharibu upande mmoja zaidi ya mwingine, na huweza kula baisepsi huku msuli wa deltoidi, ule unaofunika bega, ukiwa bado na afya.

Hatua ya 1: Andika kwanza mkono unafanya nini

Pima kazi ya mkono wiki ileile ya kupigwa picha, na ikiwezekana siku ileile. Kwa kazi yenyewe, vipimo viwili vinatosha kliniki yoyote.

Cha kwanza ni cha Brooke, chenye ngazi sita. Hakihitaji zaidi ya kiti, glasi, kalamu na sarafu:

1. Mikono ikianzia ubavuni, imenyooka, anaizungusha kwa nje hadi ikutane juu ya kichwa.
2. Anaifikisha juu ya kichwa, ila kwa kukunja viwiko au kwa kutumia misuli ya kusaidia.
3. Haifiki juu ya kichwa, lakini anapeleka mdomoni glasi ya maji ya takriban mililita 240, hata kama ni kwa mikono miwili.
4. Mkono unafika mdomoni, lakini si na glasi hiyo.
5. Mkono haufiki mdomoni, lakini vidole vinashika kalamu au kuokota sarafu mezani.
6. Hakuna kazi ya mkono inayomfaa.

Cha pili ni PUL (Performance of Upper Limb, yaani utendaji wa mkono), toleo la 2.0, kilichotengenezwa hasa kwa ajili ya Duchenne. Jumla yake ni alama 42: bega 12, kiwiko 17, kifundo cha mkono na vidole 13. Mtoto huinua vitu vyenye uzito, husogeza mizigo mezani, hurarua karatasi, hufungua kifuniko, huokota sarafu. Nakipenda kwa sababu alama zake zimegawanywa kwa sehemu za mkono, na picha nazo hupigwa kwa sehemu hizohizo. Alama za kiwiko zikishuka, unajua picha ipi ya kufungua kwanza.

Mzazi naye ana kipimo chake, na hakuna mtaalamu atakayekipata bila yeye. Mrekodi mtoto kwa simu akila nyumbani, dakika mbili tu, kamera ikiwa mbele kisha ubavuni. Usimwelekeze, mwache ale. Tazama kama anaegemeza kiwiko mezani, kama kichwa kinashuka kukifuata kijiko, kama kiwiliwili kinayumba ili kuurusha mkono, kama mkono mmoja unaubeba mwingine. Ujanja huu si kosa wala usimkataze, ndio unaomlisha. Ila uandikwe, kwa sababu mtoto anayefika mdomoni kwa ujanja wa leo anaweza kukosa kufika miezi michache ijayo.

Chakula chenyewe kinapima. Kumega na kufinyanga ugali kunataka vidole na kigasha. Wali wa kijiko unataka kiwiko kikunje na kiganja kigeuke juu. Mtoto aliyeanza kukataa wali na kutaka ugali pekee huenda hajabadili ladha, mtazame kiganja.

Hapo ndipo kipimo cha viungo kinapoingia. Pima kiwiko kinanyooka hadi wapi, kiganja kinageuka juu kiasi gani, kifundo na vidole vinanyooka vipi. Watoto wa Duchenne hukakamaa kiwiko kikiwa kimekunjika na kiganja kikiwa kimeelekea chini. Kiungo kikikakamaa, msuli wenye picha nzuri hautafanya kazi, na usipopima utailaumu picha bure. Pima chumbani penye joto. Asubuhi ya Julai Nairobi vidole vya hawa watoto huwa vigumu kwa baridi, na alama zitakazopatikana zitakuwa za hali ya hewa.

Hatua ya 2: Chagua mashine

Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa. Kwa msuli haina msaada. CT, eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, huonyesha mafuta ndani ya msuli, lakini kwa mionzi, na mtoto atakayepigwa picha mara nyingi maishani hana sababu ya kuibeba ikiwa kuna njia nyingine. Tunabaki na mbili.

Ultrasaundi ni ya bei nafuu, haina mionzi, mtoto hubaki kwenye kiti chake, na mkono mmoja huchukua dakika chache. Msuli wenye afya huonekana mweusi wenye mistari myembamba myeupe. Ulioharibika huwa mweupe. Udhaifu wake ni miwili. Haitofautishi mafuta na kovu, kwa kuwa vyote ni vyeupe. Na weupe wa juu ukizidi, sauti haipenyi tena, kwa hiyo misuli ya chini haionekani.

MRI, mashine ya sumaku, hupima mafuta kwa asilimia na huonyesha maji ya uvimbe kabla mafuta hayajaingia. Huona mkono mzima hadi ndani. Lakini ni ghali, ina kelele, inataka mtoto alale bila kusogea nusu saa au zaidi, na si kila kijana mwenye mapafu dhaifu anaweza kulala chali muda huo.

Ushauri wangu kwa familia nyingi za Nairobi: ultrasaundi iwe ya kawaida, MRI iwe pale swali linapoitaka. Maswali yanayostahili MRI ni kama haya: kuna dawa mpya au utafiti unaohitaji namba kamili, ultrasaundi imeshakuwa nyeupe kabisa na haionyeshi mabadiliko, au kazi ya mkono na picha ya ultrasaundi vinapingana bila maelezo.

Hatua ya 3: Barua iliyoandikwa vizuri

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Barua ikisema tu "MRI ya mkono", fundi atapiga picha za bega kwa ajili ya kutafuta jeraha la kano, kama anavyowafanyia wachezaji wa raga, na utapewa ripoti ya kano nzima zisizo na tatizo. Mashine haina kosa hapo. Fundi hakuulizwa swali.

Barua itaje ugonjwa kwa jina, mkono upi, na kwamba ndio mtoto anaotumia zaidi, sehemu zinazotakiwa, yaani bega, katikati ya mkono wa juu na kigasha, ngazi ya Brooke na alama za PUL, na swali lenyewe kwa sentensi moja, kwa mfano, "Misuli inayokunja kiwiko ina mafuta kiasi gani, na je, imebadilika tangu picha ya mwaka jana?" Iseme kuwa dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani haihitajiki, kwa kuwa mafuta na maji huonekana bila hiyo. Na iseme wazi: "Asipewe dawa ya usingizi bila kuwasiliana nasi." Sababu inafuata.

Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, iliichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, mnamo Oktoba 2024, na mzoea kadi ya zamani anaweza kufika akiwa amejiandaa vibaya. Piga simu kituoni kabla, uulize kama kipimo kinahitaji kibali, nani anakiomba, na gharama itakayobaki mkononi mwako. Vituo vya picha vipo Upper Hill na Parklands. Kuuliza bei tatu kwa simu asubuhi moja kunawezekana. Uliza pia kama wanafanya picha za kutenganisha mafuta na maji kwa njia ya Dixon. Jibu la swali hilo ni muhimu kuliko umaarufu wa jengo.

Hatua ya 4: Dawa ya usingizi, isome hata kama utaruka mengine

Mtoto mdogo au mwenye hofu hulazwa mara nyingine kwa dawa ili atulie ndani ya MRI. Kwa mtoto wa Duchenne hili si jambo dogo. Dawa ya kulegeza misuli iitwayo suksamethoniamu inaweza kufanya nyuzi za misuli zivunjike kwa wingi, potasiamu ipande ghafla katika damu, na moyo usimame. Haitakiwi kabisa. Gesi za usingizi kama halotheni, isofluraini na sevofluraini nazo zinaweza kuleta hatari ya namna hiyo, na kwa hawa watoto huepukwa.

Kwa hiyo, mzazi, jifunze kusema: "Mwanangu ana Duchenne. Suksamethoniamu na gesi za usingizi hapana." Iandike kwenye karatasi uiweke pamoja na kadi ya kliniki. Ikiwa ni lazima alazwe kwa dawa, iwe hospitalini penye daktari wa usingizi anayeufahamu ugonjwa huu, atumie dawa za kupitia mshipani, moyo na mapafu vikiwa vimepimwa kabla. Kwa picha ya mkono tu, mimi ningeahirisha MRI na kutumia ultrasaundi kuliko kumlaza mtoto kwa dawa. Picha haitibu, na hatari hiyo haina malipo yake.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Panga miadi ya saa nne au saa tano asubuhi, msongamano wa Thika Road na Mombasa Road ukiwa umepungua. Mtoto aliyekaa garini saa mbili hufika amechoka, na mkono uliochoka hupata alama pungufu. Uliza kama jengo lina lifti inayofanya kazi na mlango unaopitisha kiti. Siku mbili kabla, asifanye zoezi zito la mikono, kwa kuwa misuli iliyochoshwa huonyesha maji ambayo si ya ugonjwa.

Sumaku ya MRI haizimwi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kiti cha magurudumu cha chuma, cha umeme au cha kusukuma, hakiingii chumbani humo, wala mashine ya kupumulia, wala mtungi wa oksijeni wa kawaida. Vitavutwa kwa nguvu ya kuua. Mtoto ahamishiwe nje ya chumba kwenye kitanda kilichoidhinishwa. Mwenye vyuma vya uti wa mgongo aje na barua ya upasuaji inayosema ni vya aina gani. Vingi vya kisasa ni vya titani na huruhusiwa kwa masharti, lakini fundi lazima ajue. Kifaa cha moyo kiulizwe mapema zaidi.

Anapohamishwa, asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapani. Bega lake halina nguvu ya kujizuia, atateleza kati ya mikono yako na kiungo kitaumia. Mmoja ashike kiwiliwili, mwingine mapaja. Waambie wafanyakazi hivyo bila haya. Wengi hawajawahi kumbeba mtoto wa namna hii, na watakushukuru.

Hatua ya 6: Ultrasaundi ya mkono, hatua kwa hatua

Sehemu hii ni ya mhudumu, lakini mzazi aisome ili ajue kazi nzuri inavyoonekana.

Tumia kichwa bapa cha mawimbi ya juu, kile cha kupimia vitu vilivyo karibu na ngozi, si cha tumbo. Kabla ya kugusa mkono, weka mashine kwenye mpangilio mmoja: kina, ukali wa picha na mahali pa kulenga. Uandike au uuhifadhi kwa jina. Mipangilio ya kujirekebisha yenyewe izimwe. Hili ndilo jambo linalotenganisha kipimo na picha ya kumbukumbu tu, kwa kuwa ukiongeza ukali kidogo, msuli wowote utakuwa mweupe.

Mketishe mtoto au mlaze, kiwiko kikiwa kimenyooka kadiri kinavyokubali, kiganja juu ikiwezekana, mkono ukiwa umelegea juu ya mto. Kama kiganja hakigeuki, usikilazimishe. Andika pozi na ulirudie vilevile mwakani.

Tafuta mahali kwa futi ya kupimia, si kwa macho. Kwa baisepsi na brakialisi, pima kutoka ncha ya mfupa wa juu ya bega hadi mkunjo wa kiwiko, kisha weka alama kwenye theluthi mbili ya umbali huo kutoka juu. Kwa misuli ya kigasha inayokunja vidole, pima kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mwisho wa mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba (radius) kwenye kifundo, uweke alama kwenye sehemu mbili za tano. Kwa deltoidi na traisepsi chagua mahali panapopimika kwa namna hiyohiyo, upaandike.

Weka jeli nyingi, kichwa cha mashine kielee juu yake. Usikandamize. Msuli ukiubonyeza unakuwa mwembamba na mweupe zaidi. Kichwa kisimame wima kabisa juu ya msuli, kikikata mkono upande kwa upande. Kikiinama kidogo tu, weupe hubadilika. Kielekeze mpaka mstari wa mfupa chini ung'ae kadiri uwezavyo, ndipo usimamishe picha. Inua kichwa, kirudishe, piga tena. Picha tatu kwa kila mahali, kisha wastani wake.

Kusoma kwa macho, tumia ngazi nne za Heckmatt, zilizochapishwa mwaka wa 1982. Ngazi ya kwanza ni msuli wa kawaida. Ya pili umekuwa mweupe zaidi, lakini mfupa bado unaonekana wazi. Ya tatu ni mweupe sana na mfupa umefifia. Ya nne ni mweupe kabisa na mfupa haupo. Ngazi hizi hujifunzwa asubuhi moja, ila zina nafasi pana mno kati yake. Mtoto anaweza kukaa ngazi ya tatu miaka kadhaa huku msuli ukiharibika. Kwa hiyo hifadhi picha bila maandishi juu yake, uzipime weupe wa pikseli kwa programu ya kompyuta ya kuchambulia picha; zipo za bure. Unachora mpaka ndani ya msuli, ukiacha nje utando wake na mfupa, nayo inakupa wastani. Namba hiyo hailinganishwi na ya mashine nyingine. Inalinganishwa na ya mtoto yuleyule, kwenye mashine ileile, kwa mpangilio uleule.

Pima pia unene wa msuli, lakini usifurahi ukiona umenenepa. Katika Duchenne msuli huweza kuvimba kwa mafuta huku nyama ikiisha.

Hatua ya 7: MRI

Mtoto alale chali, mkono ubavuni, mto chini ya magoti na kiwiko. Kumlaza kifudifudi mkono ukiwa umenyooshwa juu ya kichwa hutoa picha nzuri, lakini bega la Duchenne halifiki huko, na kulilazimisha ni kumuumiza. Mkono wa ubavuni una kasoro yake: uko mbali na katikati ya sumaku, na huko njia za kawaida za kufuta mafuta hushindwa na kuacha madoa yanayofanana na uvimbe. Msogeze mtoto pembeni mwa kitanda ili mkono ukaribie katikati. Koili, yaani kifaa kinachonasa ishara ya picha, iwe ile laini ya kuzungushia. Vizibo vya masikio, na kengele ya dharura katika mkono anaoweza kuibonyeza nao. Ijaribu kabla ya kumwingiza, kwa kuwa kengele inayotaka nguvu ya vidole asivyonavyo ni pambo.

Picha zinazohitajika ni aina tatu. T1 huonyesha mafuta meupe, kwa macho. Picha za T2 zilizofutwa mafuta, au za STIR ambazo nazo hufuta mafuta, huonyesha maji ya uvimbe. Dixon, njia iliyoelezwa na Thomas Dixon mwaka wa 1984, hutenganisha ishara ya mafuta na ya maji na kutoa asilimia ya mafuta katika kila msuli. Kama muda ni wa moja tu kwa sababu mtoto hatulii, chukua Dixon.

Asilimia yenyewe bado si mwisho wa hesabu. Tuseme mwaka jana misuli ya kukunja kiwiko ilikuwa na eneo la sentimita za mraba 11 na mafuta asilimia 25. Nyama iliyobaki ni 11 mara 0.75, yaani 8.25. Mwaka huu eneo ni 12 na mafuta asilimia 40: 12 mara 0.60 ni 7.2. Msuli umekua, nyama imepungua. Mwombe daktari wa radiolojia akupe namba zote mbili, eneo na asilimia.

Hatua ya 8: Weka picha na kazi kando kwa kando

Chukua karatasi moja. Kushoto andika alama za bega, kiwiko na vidole. Kulia andika hali ya misuli ya sehemu hizo. Matokeo huangukia katika hali nne.

Picha mbaya na kazi mbaya: vinakubaliana, endelea na msaada. Picha nzuri na kazi nzuri: rudi kwa ratiba.

Picha nzuri lakini kazi mbaya ndiyo inayonifanya nisimame. Angalia viungo kwanza, huenda kukakamaa ndiko kunakomzuia. Angalia maumivu, kiti kisichomshikilia kiwiliwili, meza iliyo juu mno, uchovu wa usiku wa kupumua vibaya, huzuni ya kijana. Mengi ya haya yanarekebishika, na bila picha yangezikwa chini ya neno "ugonjwa umeendelea".

Picha mbaya lakini kazi bado nzuri ni onyo lenye muda ndani yake. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba mafuta katika misuli ya kukunja kiwiko yanahusiana na kupoteza uwezo wa kufikisha mkono mdomoni. Mtoto wa ngazi ya tatu ya Brooke ambaye baisepsi yake imejaa mafuta bado anajilisha leo. Anza kutafuta kifaa cha kuubeba mkono sasa, wakati bado ana nguvu ya kujifunza kukitumia.

Usimwonyeshe mtoto picha na kumwambia "msuli huu umekwisha". Kijana wa miaka 13 anaelewa. Mwulize kwanza anataka kujua nini, kisha mwonyeshe pia misuli ya vidole iliyobaki na kazi inayoweza kufanya.

Hatua ya 9: Picha izae kitu

Bega likiwa limeisha lakini kiwiko bado kipo, pandisha meza hadi usawa wa kwapa, mkono uteleze juu yake. Fundi wa mbao wa Gikomba au Kariobangi anaweza kukata meza yenye nafasi ya kuingia tumbo, kwa kipimo utakachompa. Kiwiko kikidhoofika, tumia mrija mrefu wa kunywea, kijiko chepesi chenye mpini mnene, kifaa cha kubeba kigasha. Vidole vikiwa vizuri, kitufe cha kuendeshea kiti na simu viwekwe vinapofika. Kukakamaa kukianza, kunyoosha kila siku na banzi la usiku la kifundo na vidole.

Shuleni, karatasi yako ina thamani. Ipeleke kwa mwalimu mkuu na kwa kituo cha tathmini ya elimu cha eneo lako, ili maombi ya muda wa ziada na msaidizi wa kuandika yaanze mapema kabla ya mitihani ya taifa. Iambatanishe pia unapomsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu.

Kuhusu dawa: usibadilishe steroidi kwa sababu ya picha, na kamwe usizikatishe ghafla. Kwa wanaozimudu huchelewesha udhaifu wa mikono pia, si wa miguu tu. Mazungumzo hayo ni ya daktari wa neva. Na picha ya mkono isichukue pesa ya kipimo cha moyo cha kila mwaka. Bajeti ikitosha kimoja, moyo kwanza.

Hatua ya 10: Kurudia na kutunza

Kazi ya mkono ipimwe kila miezi sita, picha mara moja kwa mwaka, mkono uleule, kituo kilekile ikiwezekana. Omba picha zenyewe kwenye CD, si ripoti ya karatasi peke yake, kwa sababu ripoti haiwezi kupimwa upya na mashine hubadilishwa. Tunza nakala mbili. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona na kujua zinatumikaje. Mtu akikuomba picha za mwanao kwa utafiti au mafunzo, mwombe maelezo kwa maandishi, na usizitume kwenye vikundi vya WhatsApp zikiwa na jina.

Kuna hali ambazo hazingoji ratiba. Mkono mmoja ukipoteza nguvu ghafla, kwa saa au siku, hiyo si kawaida ya Duchenne, ambayo hushuka polepole na kwa pande zote mbili. Mpeleke hospitalini siku hiyohiyo. Akianguka kutoka kwenye kiti na mkono ukauma, omba eksirei hata kama hakuna uvimbe, kwa kuwa steroidi hudhoofisha mifupa. Na baada ya kuanguka, akianza kuhema, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, usisubiri hadi asubuhi. Mafuta kutoka ndani ya mfupa huweza kuingia katika damu na kufika mapafuni na kwenye ubongo, hata pasipo mfupa uliovunjika waziwazi. Mwambie daktari wa dharura mambo matatu mlangoni: ana Duchenne, anatumia steroidi, na dawa za usingizi asizopewa ni zipi.